Kiraka Ambacho Mwenye Programu Hakuambiwa

Nakumbuka alasiri moja ya mvua hapa Kisangani, mwanangu, nilipokuwa bado na nywele nyeusi. Mimi na mwenzangu Dieudonné tulikuwa tukiandaa vifurushi vya Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa: tunachukua programu iliyoandikwa na mtu mwingine, tunaifunga vizuri, kisha tunaiingiza katika mkusanyo ambao watu huuweka kwenye kompyuta zao kwa diski. Kazi hiyo haina sifa. Ikienda sawa hakuna anayekukumbuka; ikiharibika, kila mtu analijua jina lako.

Mojawapo ya vifurushi hivyo ilikuwa programu ya kukokotoa vipimo vya miti. Béatrice, dada mdogo wa Dieudonné, aliitegemea kwa utafiti wake katika msitu wa Masako, ambako intaneti haikufika. Toleo jipya lilipokataa kufanya kazi kwenye mashine zetu kuukuu, Dieudonné alishona kiraka, yaani alibadilisha mistari michache ya programu, ikakubali. Aliyeiandika hakuambiwa. Watumiaji walipopata hitilafu zilizoletwa na kiraka, walimlalamikia yeye, naye hakuelewa hata wanazungumzia nini. Mwishowe aliandika hadharani: kama mnaibadilisha kazi yangu bila kunijulisha, iondoeni.

Wiki hiyo mkusanyo ulikuwa unafungwa. Programu ikiondolewa, Béatrice angekwama katikati ya utafiti.

"Mwandikie," nilimwambia Dieudonné.

"Ya nini? Banasema ile Muzungu iko na kiburi. Hapokeaka kiraka ya mutu."

"Nani anasema?"

"Ee, watu!"

Nimesoma vitabu vingi, mwanangu, na sijakutana bado na mwandishi aitwaye Watu. Niliketi nikaandika mwenyewe: kiraka ni hiki, sababu yake ni hii, tunasikia hupokei viraka vya watu, je, ni kweli? Tafadhali tuonyeshe tulipokosea. Mara tu barua ilipoondoka, radi ikapiga na umeme ukakatika mji mzima.

Ulirudi kesho yake. Kompyuta ilipowaka tu, jibu likaingia: "Mnisamehe kuchelewa. Mvua iliangusha nguzo. Umeme umerudi sasa hivi."

Tulitazamana. Nikamwandikia tena mwenye programu, nikamwuliza anaishi wapi. Simi-Simi, alijibu, mtaa wa mji wetu huuhuu. Nikampa anwani yetu.

Kabla ya adhuhuri pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka mama mwenye mwavuli, mwalimu wa hisabati, aliyekuwa akitia sahihi programu yake kwa herufi mbili tu. Jina lake Maman Espérance.

"Bon," alisema kabla ya kuketi. "Nani alisema miye sipokeaka kiraka?"

Dieudonné alikuwa akiikagua sakafu. "Nilisikia tu, maman."

"Uliniuliza?"

"Hapana, maman."

"Donc, yaani unashona nguo yangu, na miye niko ndani, na hauniambie?"

Tulicheka wote, hata Dieudonné. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, monsieur wa barua nzuri, munakaa naye chumba moja. Ulingojea miye nikasirike kwanza?"

Nilimsogezea kiti mbele ya kompyuta.

Alikisoma kiraka mstari kwa mstari. Akatuonyesha mahali kilipozipotosha namba za miti myembamba, akaifuta sehemu hiyo, na iliyobaki akaiingiza katika programu yake kwa mkono wake mwenyewe, akiandika kando jina la Dieudonné kama mchangiaji. Jioni hiyo alitoa toleo jipya, nasi tukalifunga kabla mkusanyo haujafungwa. Diski ya Béatrice ilikwenda Masako ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki pamoja na chikwange, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani. Tangu hapo Dieudonné alimtumia Maman Espérance kila badiliko, hata la mkato mmoja, mpaka mama wa watu akamwomba apunguze.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukirekebisha kazi ya mtu, mpelekee yeye rekebisho hilo kwanza, pamoja na sababu zake. Nawe unayeandika, mtafute anayeifikisha kazi yako kwa watu, umsalimu kabla ya kumshutumu. Likikufikia neno baya juu ya mmoja wao, muulize mwenyewe siku hiyohiyo, kwa maandishi na kwa heshima. Huenda mnanyeshewa na mvua moja.

Mungu akujalie wenzako wanaojibu barua, na umeme wa kuzisomea.