Mvua Iliyonyesha Ndani ya Chupa ya Darasa la Kwanza

Siku nne mfululizo mvua ilinyesha ndani ya chupa yangu, na nje hapakuwa na wingu hata moja.

Najua unachofikiria. Hata mimi nilianza kujiuliza kama akili zangu ziko sawa.

Ngoja nikupe kisa chote.

Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza. Watoto sitini na mmoja, madawati ishirini, mwalimu mmoja. Nilikuwa wa mkataba, na mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa muhula. Mkuu wa shule hakunificha. Mkaguzi angekuja Ijumaa, na atakachokiandika ndicho kitakachoamua kama ninaongezewa au ninafungasha.

Shida yangu ni kwamba kufundisha kwa chaki peke yake siwezi. Nimejaribu, jamani. Mtoto wa miaka sita ukimkalisha akutazame mgongo, dakika kumi tu anabaki kiwiliwili, roho iko uwanjani. Mimi nataka ashike kitu. Msimu wa upepo tulitengeneza vishada vya karatasi. Majani yalipopukutika tuliyaokota, tukayapanga kwa ukubwa, tukayahesabu kumikumi. Hesabu ziliingia zenyewe.

Sasa tulikuwa tunangoja mvua.

Tulikata chupa ya plastiki, tukaigeuza mdomo wake ndani uwe kama faneli ya kupokea maji. Tukachora alama ubavuni, moja hadi ishirini. Kwenye kumi na tano nikapiga mstari mwekundu. Tukaifunga kwenye mti mfupi tuliouchimbia karibu na dirisha letu.

Ukutani nikabandika gurudumu la majira la kadibodi, lenye mshale. Upande mmoja jua, upande mwingine mvua.

"Maji yakifika mstari mwekundu," nikawaambia, "tunageuza mshale. Msimu umefika. Tunapanda."

Kila mtoto alikuwa na punje yake moja ya harage ndani ya kiboksi cha kiberiti. Walizipa majina. Mmoja yake aliiita Mjomba, na akawa anaiaga kila jioni kwa heshima zote.

Na kanuni yetu ya darasa ilikuwa moja, waliiimba kila asubuhi: "Angalia kwanza, hesabu, ndipo useme."

Ikumbuke hiyo kanuni. Itanirudia.

Mwalimu wa darasa la pili, ambaye shule nzima ilimwita Chaki kwa sababu hakuamini kitu kingine, alikuwa akipita dirishani na kucheka.

"Mwenzangu, unafundisha au umefungua bustani?"

Nilikuwa nacheka naye. Kumbe rohoni nilikuwa nimeshamwandika kwenye orodha ya maadui.

Jumatatu asubuhi tukaenda kusoma chupa. Maji yalikuwa alama mbili.

Watoto wakapiga kelele za furaha. Mimi nikatazama juu. Anga kavu, vumbi tupu. Nikadhani ni umande, ingawa umande wa kujaza alama mbili sijawahi kuuona. Tukabandika matone mawili ya karatasi ya bluu kwenye chati.

Jumanne, alama tano. Jumatano, nane. Alhamisi, kumi.

Siku hiyo ya Alhamisi Mkuu aliniita ofisini. Chati yangu ilikuwa mezani kwake.

"Mwalimu, kaa."

Nikakaa.

"Hapa naona alama kumi za mvua."

"Ndiyo, Mkuu."

"Mimi nyumbani kwangu nimeanza kuoga kwa kikombe. Hebu niambie, wewe unapima mvua ya wapi?"

Nikaitazama chati.

"Nikikuuliza mimi unanyamaza. Mkaguzi akikuuliza je? Ataandika kwamba mwalimu anapika takwimu ili somo lake lionekane linakwenda. Na hapo mimi simo." Akavua miwani. "Bahati yako ukaguzi umesogezwa wiki moja. Mpaka Ijumaa ijayo nataka kujua nani anacheza na hiyo chupa. Vinginevyo, mwalimu, tutaagana tu."

Nilitoka pale nikiwaza nyumbani. Nina mama mgonjwa, nina wadogo zangu wawili, wote wanakula kwenye mkono huu. Lakini zaidi ya yote, nilikuwa na watoto sitini na mmoja ambao nikiondoka wangerudishwa kutazama mgongo wa mtu.

Nikasema, Chaki, leo utanijua mimi ni nani.

Ijumaa nilifika shuleni kabla hata mlinzi hajafagia. Nikajibanza darasani nyuma ya kabati, macho dirishani.

Chaki akatokea. Akaisogelea chupa, akaitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Basi. Hakugusa kitu. Nilimchukia bure mwanaume wa watu.

Dakika chache baadaye nikasikia viatu vidogo vinaburuzwa kwenye mchanga.

Alikuwa ni Taratibu.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kila kitu alikifanya polepole, hata kucheka. Alikuwa na miaka saba. Mdomo wake nilikuwa naujua ulivyo mkavu wiki ile, na juzi yake alisinzia juu ya daftari saa nne asubuhi, nikamfokea.

Akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, yale anayopewa nyumbani ya kutwa nzima, maana shuleni bomba lilikuwa limekauka. Akaanza kumimina kwenye chupa ya mvua, kidogokidogo, huku anahesabu alama. Hakujibakishia hata funda moja.

Nikatoka. Hakukimbia. Alinitazama tu.

"Taratibu, kwa nini unafanya hivi?"

"Nataka ifike mstari mwekundu."

"Ili iweje?"

"Bibi amesema mama atarudi mvua zikianza."

Hasira zote zikaniisha palepale. Nilimpa maji yangu, akanywa mpaka akakohoa.

Jioni nilimfuata mpaka kwao. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na mabeseni matatu nje, kwa kuwa bibi yake alikuwa dobi wa kufulia watu nguo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mwalimu. Huyu mtoto amekosa nini?"

Nikamweleza yote, chupa, maji, mshale. Nilipofika kwenye lile neno la mama kurudi, bibi alimtuma mjukuu wake akaanue nguo kambani. Alisubiri mtoto apotee nyuma ya nyumba.

"Mama yake hayupo, mwalimu."

"Hayupo, kivipi?"

"Mwanangu amekufa. Wiki ya sita leo. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi, huko mbali. Homa ya siku tatu. Nilikwenda nikamzika, nikarudi na begi lake." Akaonyesha chini ya kitanda. "Mtoto akaniuliza mama atakuja lini. Mdomo wangu ukasema, mvua zikianza. Niliona jua lilivyo kali, nikajua nitapata muda wa kutafuta maneno. Mpaka leo sijayapata."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimenyauka kwa sabuni.

"Nakuomba mwanangu, hiyo chupa yako isijae."

Mimi, niliyekuwa naomba mvua usiku na mchana, nikaitikia.

"Haitajaa, bibi."

Kuanzia hapo nilikuwa mfa maji.

Mkuu aliponiuliza nani alikuwa anatia maji, nikasema ni mimi niliyekosea kupima, akaniamuru niimwage chupa tuanze upya. Ningemtaja mtoto, angemwita bibi, na siri ingemwagika ofisini mbele ya watu. Mkuu alinirudishia chati yangu.

"Basi mkaguzi ndiye atakayeamua," akasema.

Jumatano ya wiki iliyofuata nikaamka nikasikia harufu ya ardhi. Ilikuwa imenyesha alfajiri, mvua ya kweli, ya kwanza. Nilikimbia shuleni kama mwizi. Chupa ilikuwa imefika alama kumi na mbili.

Nikaimwaga.

Ndiyo, mimi. Mwalimu wa "angalia kwanza, hesabu, ndipo useme". Niliimwaga, nikaifuta ndani kwa leso, nikaifunga tena mahali pake.

Watoto walipotoka kuisoma, wakatazama chini.

"Mwalimu," mwenye Mjomba akasema, "chini kumelowa."

"Mlinzi amemwagia maji, vumbi lisiruke."

"Na bati linadondosha."

"Nimesema ni mlinzi!"

Sitini wakanyamaza kwa sababu mwalimu amefoka. Taratibu alikuwa ameinama, amegusa udongo kwa kidole. Akanusa kidole chake. Kisha akaniangalia, na mimi nikatazama pembeni. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Siku hiyo hatukubandika tone hata moja. Nililala nikiomba wingu lipite, jua liwake, angalau mpaka bibi wa watu apate maneno yake.

Lakini nani amewahi kuizuia mvua?

Ijumaa, mkaguzi aliingia shuleni saa tatu. Akaanza na darasa la Chaki. Mimi nilikuwa tayari, ubao umefutwa, watoto wamekaa vizuri, viboksi vya kiberiti mezani.

Saa nne kasoro ikashuka.

Si manyunyu. Mvua ile inayopiga bati mpaka mtu husikii sauti yako mwenyewe. Watoto wote wakaruka dirishani. Chupa ilikuwa inajaa wanaiona kwa macho yao.

"Kumi! Kumi na mbili! Kumi na tano! Mwalimu, mstari mwekundu!"

Nikageuka kumtafuta Taratibu. Dirishani hayupo, kwenye dawati hayupo. Mshale wa gurudumu ulikuwa umeshageuzwa kwenye mvua.

Nikamwona nje, anakwenda getini, polepole vilevile, amelowa chapachapa.

Mkaguzi alikuwa kwenye baraza, daftari mkononi, anakuja kwangu. Tulipishana mlangoni.

"Mwalimu, unakwenda wapi? Ni zamu yako."

Sikumjibu. Nilikimbia kwenye mvua. Nikamkuta getini ameshika vyuma, anatazama barabara. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamshika mabega. Maneno ambayo bibi aliyakosa wiki saba, na mimi sikuwa nayo.

"Taratibu, mwanangu, sikiliza. Mama..."

"Mama haji," akasema.

Nikamfuta maji usoni.

"Mama amekufa. Najua."

"Nani amekuambia?"

"Begi lipo chini ya kitanda. Niliangalia kwanza. Nikahesabu viatu vyake." Akanyoosha vidole vitatu. "Vyote vipo. Hata vya kanisani. Mtu haachi viatu vyote."

Mvua ilikuwa inampiga usoni, hata sijui kama alikuwa analia.

"Sasa maji ulikuwa unatia ya nini? Na hapa unamngoja nani?"

"Bibi. Alisema mvua zikianza. Analia jikoni peke yake kila siku, akiniona anasema ni moshi. Nilitaka ifike haraka, aniambie, tulie wote."

Jamani.

Nilikaa chini. Kwenye tope, na sketi yangu ya ukaguzi. Nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima, na yule mtoto ndiye aliyenishika kichwa.

Na bibi akaja. Aliposikia mvua aliacha mabeseni ya watu, akaja mbio, kanga imemganda mwilini. Taratibu alimwendea, akamwambia kitu sikukisikia kwa kelele za maji. Nilimwona tu bibi akikunjika, na wawili wale wakawa kitu kimoja pale getini.

Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa nje. Hakuna aliyewaambia. Msimu ulikuwa umefika, na mwalimu alikuwa amesema tunapanda. Sitini wamechutama kwenye mvua, wanachimba kwa vidole. Mwenye Mjomba alikuwa anamfukia huku anamwambia asiogope.

Mkaguzi alisimama barazani, akaandika. Baadaye nilisoma alichokiandika: "Mwalimu hakuwepo darasani. Wanafunzi walikuwa wanachezea matope."

Mkataba wangu haukuongezwa.

Usiniambie Mungu ana makusudi yake, nimeshaambiwa sana. Niliumia, na bado naumia. Sasa hivi nafundisha watoto wa jirani barazani kwangu, wanane tu, na dawa za mama nanunua kwa shida.

Siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu, Chaki alinibebea boksi mpaka getini. Hakunitania. Akaniambia maharage yameota hamsini na nane, amewatoa darasa la pili nje wakayahesabu.

Ndugu yangu unayesoma hapa, sina mengi. Kama kuna mtoto nyumbani kwako unayemficha msiba, ugonjwa au ndoa iliyovunjika, ukijiambia bado mdogo, haelewi, acha. Ameshaangalia. Ameshahesabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilidhani methali hiyo ni ya wagonjwa tu. Huyo mtoto anakungoja wewe useme, na anangoja peke yake.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu. Kisha nikamwaga chupa ili asihesabu.

Taratibu hakuwahi kunilaumu. Lakini asubuhi ile ya Jumatano, aliponusa kile kidole na kunitazama, alikuwa ameshajua kila kitu, na mimi ndiye mtu wa pili kumdanganya.