Mgonjwa wa Zamu

Kaka yangu aliugua saratani ya mifupa miaka ile ya ruksa, reli ilipokwisha kumpunguza kazini na maduka ya Kilosa yalipoanza kujaa vitu ambavyo mtu hujui vinaliwa au vinapakwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupaka mkate mafuta ya nywele. Kopo lilikuwa na picha ya ua, na darasa langu la tatu halikunifikisha kwenye kusoma makopo. Lakini hayo tuyaache.

Hospitali ya mkoa walimpima, wakasema hakuna cha kukata, rudi nyumbani. Nikafunga kibanda changu cha chipsi pale Mikumi barabarani, nikaja kumsaidia shemeji kumgeuza na kumwogesha. Ndipo muuguzi wa hospitali ya misheni akaanza kutujia asubuhi kwa pikipiki, na chupa ya dawa ya maji.

"Mama," akamwambia shemeji, "sikuja kumponya. Nimekuja ili asiumie."

Tulitazamana. Siku hizo waganga walikuwa wanapita na spika juu ya gari, dawa moja inatibu sukari, kiuno na mume asiyetulia. Mtu aliyekuja kusema ukweli alitutia wasiwasi. Tukafikiri labda hajasoma sana.

Dawa ilikuwa chungu, kaka alikunja uso kama mtoto. Lakini ilifanya kazi. Akinywa ile ya mchana, maumivu yanakaa pembeni mpaka jua linapotelemka. Saa hizo ndizo zilikuwa maisha yake, nyingine zote zilikuwa kulala na kusaga meno. Na saa hizo alitaka kitu kimoja: akae nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha jiko, apukuchue kunde na mke wake huku redio inasema. Miaka yote alikuwa na genge la reli huko Munisagara anabeba mataruma, nyumbani anapita kama mgeni. Sasa alitaka kukaa na mke wake basi.

Watu hawakumpa nafasi. Kwetu mgonjwa lazima aonwe, na kumwona ni mchana, ukishatoka shamba. Zamani ulimwendea mgonjwa na mayai yaliyofungwa kwenye kitambaa. Soko lilipofunguliwa wakaja na juisi za boksi, biskuti za Dubai, soda za kopo. Mmoja alileta maji ya chupa, na kisima kipo hatua chache kutoka mlangoni. Wanamweka kaka kitandani, dirisha linafungwa asipigwe na upepo, wanakaa. Halafu wanaongea wao kwa wao. Aliyeongoza alikuwa shangazi yetu, mdogo wa mwisho wa marehemu baba, mama wa sauti.

"Ugonjwa huuhuu ndio uliomchukua yule fundi wa bati," anasema, kakalia ukingo wa kitanda.

"Yule wa Mamboya?"

"Huyo. Alikwisha kama mshumaa. Baba, kunywa juisi."

Dawa inaisha nguvu, wageni ndio kwanza wanafungua biskuti. Siku moja walipoondoka kaka akageukia ukuta akalia. Nikadhani ni mfupa.

"Si mfupa," akasema. "Wamenilia mchana wangu."

Mimi na kaka tulifanana, na chini ya blanketi watu wote wanafanana. Nikamwambia: kesho mimi nalala, wewe nenda nyuma.

"Watakujua."

"Nani kawahi kukutazama humo ndani?"

Shemeji alicheka mpaka akashika mlango. Kesho yake tukamhamishia nyuma kwenye mkeka, nami nikaingia kitandani, uso ukutani.

Ilikwenda vizuri mno. Wageni waliingia, wakasema pole kwa blanketi, wakaendelea na bei ya mbolea. Juisi zote nilikunywa mimi. Kuna mchana nilipitiwa na usingizi wa kweli, nikasikia shangazi anasema, "Siku hizi anakoroma vizuri, yale maombi yamesaidia." Mwingine akasema mgonjwa kaanza kunona. Mwenye gari la spika naye akaanza kutangaza kwamba ni dawa yake.

Kutoka nyuma ya nyumba nilikuwa nasikia redio, na kaka akicheka polepole.

Kisha pikipiki ya muuguzi ikapata pancha, akafika mchana badala ya asubuhi. Mimi kitandani, shangazi kakalia mguu wangu. Muuguzi akaja na swali lake la kila siku.

"Nionyeshe kwa vidole, maumivu ya leo yakoje?"

Nikatoa vidole vitatu nje ya blanketi. Akavishika, akavitazama, akafunua blanketi lote.

"Huyu haumwi," akasema. "Huyu kashiba."

Shangazi aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Alaa! Siku zote hizi nimemlilia nani?"

"Mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mbwa wewe! Yuko wapi?"

Hakungoja jibu. Alizunguka nyumba, muuguzi nyuma yake, mimi nyuma nikifunga shuka. Kaka alikuwa kaegemea ukuta wa jiko, mwembamba kuliko wagonjwa wote waliokuwa wanasimuliwa chumbani, ungo wa kunde mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi alimtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumtazama tangu augue. Alitazama viwiko vyake, shingo, mdomo uliokuwa unatabasamu. Maneno yakamwishia, jambo ambalo ukoo wetu haukuwahi kuliona.

"Kaa, shangazi," kaka akamwambia. "Pukuchua."

Akakaa. Akapukuchua. Toka siku hiyo alipita moja kwa moja nyuma, na aliongea kidogo. Wengine tuliwaambia ukweli, nao wakaendelea kukaa chumbani mbele ya kitanda kitupu, maana soda zilikuwa huko.

Muuguzi aliongeza dawa, akaongeza tena. Mchana mmoja kaka alisinzia katikati ya taarifa ya habari, kichwa begani kwa mkewe. Shangazi alikuwa anamweleza habari ya mbuzi. Akamgusa shavu, akaweka kiganja puani, akakiacha pale muda mrefu.

Nilijiandaa kwa ukelele. Sauti yake ilikuwa inafika stesheni.

Akamshika shemeji mkono. "Usilie kwanza, mwanangu," akanong'ona. "Walioko mbele wakisikia, watakuja. Kaa naye kidogo."

Shemeji akakaa naye. Mimi nikapunguza redio. Chumbani walikuwa wanabishana bei ya bati.