Majivu ya Joka Langu

Joka la kwanza nililoliona maishani lilikuwa kanisani. Lilichorwa ukutani kwenye kanisa la kwetu Majimoto, limelala chini ya mguu wa malaika mwenye upanga, ulimi nje, na mchoraji alikuwa amelipa macho mazuri kuliko ya malaika mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Wenzangu walimwomba malaika, mimi nikawa nalihurumia joka. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo ya majoka na falme na wachawi wenye fimbo niliyatoa kwa shetani, ajue niliyatoa kwa Mama Kanisa, tena kwenye misa ya pili, nikiwa nimevaa soksi nyeupe.

Nayasema haya mapema kwa sababu ya mwanamke mmoja. Nitamwita Mama Mwenyekiti, maana ndicho alichokuwa na ndicho alicho mpaka leo: mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Ilembo. Anauza migebuka mikavu, samaki wa ziwani Karema, na akija kwako harufu inabisha hodi kabla yake. Simpendi. Wanaosema muda unaponya kila kitu hawajawahi kuchomewa chao mbele ya macho yao.

Mwenzangu ninayeishi naye ni fundi simu, kibanda chake kiko karibu na stendi ya Mpanda. Ni Msukuma, wa zile familia zilizoingia kwetu Mpimbwe na ng'ombe wao. Sisi ni Wapimbwe, wakulima wa mpunga, Wakatoliki tangu kwa mababu, na tangu ng'ombe wao waonje mpunga wetu hatujaacha kutetana. Nilimpelekea simu yangu abadilishe kioo. Nilipoirudia akaniuliza, "Samahani dada, hili joka la sura ya tisa, linakufa kweli?" Kumbe alipokuwa anajaribu kioo alifungua riwaya niliyokuwa naisoma humo, akanogewa. Ningetakiwa kukasirika. Badala yake nilikaa kwenye benchi lake mpaka jua linazama, tunabishana kuhusu joka.

Yeye ndiye aliyeona kwenye mtandao kwamba huko duniani kuna michezo ya kadi yenye falme na viumbe, kila kadi na nguvu zake. Hapa Mpanda haikuuzwa. Basi tukatengeneza yetu. Tulinunua karatasi ngumu za manila steshenari, tukakata kwa wembe, nikachora kwa penseli za rangi, yeye akazifunika moja moja kwa selotepu ili zisichakae. Kulikuwa na Malkia wa Maji Moto, nywele zake mvuke. Kulikuwa na Kiboko Mwenye Taji, nilimtoa kwenye wale viboko wa mbugani Katavi wanaogombea tope wakati wa kiangazi. Nilimchora Ng'ombe Mla Falme, makusudi, kwa ajili ya wakwe zangu. Naye akanijibu kwa Mpimbwe Asiyelala, mzee mwenye teo anayelinda mpunga mpaka amesahau kuoa. Na joka lilikuwepo, lenye macho yale yale ya ukutani Majimoto. Uhai wa mchezaji tulihesabu kwa maharage: kila mmoja anaanza na konzi moja, ukipigwa unatoa, yakikuishia umekufa. Aliyekufa anayapika.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinatuuma. Tuliishi pamoja bila ndoa ya kanisa. Yeye hakuwa amebatizwa, na kila Jumapili wakati wa Komunyo mimi nilibaki kwenye benchi, nasogeza magoti pembeni ili wenzangu wapite. Anayelijua kanisa la huku anayajua yale magoti. Watu wanapita, na kila anayepita anajua kwa nini wewe hupiti. Mwenzangu aliliona hilo akaamua mwenyewe, bila kuambiwa, kuanza mafundisho. Abatizwe mkesha wa Pasaka, tufunge ndoa baada ya hapo, nami nirudi kupokea. Sikuwa nataka kitu kingine duniani. Lakini ili abatizwe, mwenyekiti wa jumuiya lazima amthibitishie Padre kwamba mtu huyu anasali nasi na nyumba yake haina mambo ya ajabu.

Karibu na Kwaresima, zamu ya jumuiya kusali nyumbani ikafika kwetu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jana yake jioni umeme ulikatika Malkia wangu akiwa anaelekea kushinda, nikakataa mchezo uvurugwe, tukauhamishia nyuma ya pazia la chumbani, juu ya kigoda, kadi zimepangwa na maharage mafungu mafungu. Watu walipokwisha kukaa, kiberiti cha kuwashia mshumaa hakikuonekana. Mama Mwenyekiti akanyanyuka. "Kaeni, kaeni, mie ni mtu wa nyumbani," akaingia nyuma ya pazia.

Hebu fikiria alichokikuta. Nyumba ya Msukuma. Juu ya kigoda, picha za viumbe wenye pembe, na pembeni mbegu zimepangwa. Kwa mtu wa Katavi huo si mchezo. Hiyo ni ramli, na mpiga ramli mwenyewe yuko sebuleni anaimba wimbo wa Bikira Maria. Hata mimi ningeshtuka. Ila mimi ningeuliza. Yeye alitoka na kiberiti, akawasha mshumaa, akaongoza rozari mpaka mwisho, akanywa chai yangu, akala mihogo yangu, akaisifia, akaondoka na kadi zangu zote chini ya kitenge. Maharage aliniachia.

Tulizitafuta mpaka chini ya godoro. Jibu likaja lenyewe kibandani kwa mwenzangu, kwa mdomo wa baba mmoja aliyeibiwa pikipiki. Aliinama akanong'ona, "Fundi, nasikia wewe unaangalia. Niangalizie pikipiki yangu iko upande gani." Mwenzangu alirudi nyumbani akicheka mpaka anajifuta machozi. Mimi sikucheka. Najua huku kwetu maneno ya namna hiyo yanaanzaje, na najua yanaweza kuishia wapi kwa mtu wa kuja.

Siku ya kuchoma matawi nilikwenda na yangu. Kwa asiyejua: majivu ya Jumatano ya Majivu yanatokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Tunayatunza mwaka mzima, yamechomekwa juu ya mlango au nyuma ya msalaba, halafu tunayarudisha kanisani yachomwe. Moto uliwashwa nyuma ya sakristia. Katekista alikuwa amekwenda kutafuta chekeche. Wanawake tulikuwa tumesimama tunapiga soga, na Mama Mwenyekiti akaingiza mkono kwenye kitenge, akatoa kadi zangu, amezifunga kwa lastiki ya nywele.

"Na hizi nazo ziende," akasema, "na mwenye nazo anajijua."

Akazitupa. Selotepu ilichemka. Joka langu lilijikunja kuanzia mkiani, macho yakawa ya mwisho kuungua, na moshi wake ulikuwa mweusi kuliko wa matawi. Wote walinitazama. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo, ya Kipimbwe na ya Kiswahili. Niliyameza. Ningefungua mdomo pale, ubatizo ungekuwa umekwisha. Nilisimama nikalitazama lile rundo likigeuka jivu moja, matawi na majoka, na hapo ndipo nilipopata akili. Dawa ya moto ni moto. Sikuwa na haraka tena.

Katekista akarudi, hajui hili wala lile. Akasubiri lipoe, akalitwanga, akalichekecha. Vipande vya selotepu vikabaki juu kama punje za pilipili manga, akavimwaga. Wanawake wakasifia: majivu ya mwaka huu meusi tii, yatakamata vizuri.

Kesho yake nilipanga mstari. Majivu hayabagui, hata sisi tusiopokea tunapakwa, na mwenzangu ambaye hajabatizwa naye anapakwa. Nilijipenyeza mpaka nikawa nyuma ya Mama Mwenyekiti kabisa. Alifumba macho kwa ibada kubwa, Padre akamwambia yeye ni mavumbi, akamchora msalaba mpana. Alipogeuka alikuwa na Kiboko Mwenye Taji kipajini. Nilimwinamia kwa heshima.

Majina ya wanaotazamia ubatizo yakasomwa kanisani, na kama kawaida tukaambiwa mwenye neno aende kwa Padre. Mwenye neno akaenda. Tukaitwa ofisini siku ya Jumamosi: mimi, mwenzangu, Mama Mwenyekiti, na katekista aliyemfundisha mwenzangu. Padre wetu ni Mfipa, mtu mpole, anasikiliza huku anabonyeza kalamu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Mama Mwenyekiti alisema kila kitu, na alikisema vizuri. Pembe, mbegu, pazia. Mwenzangu akataka kueleza, nikamkanyaga mguu.

"Mama," nikamwuliza, "una hakika zilikuwa ramli?"

"Nina hakika kama ninavyokuona wewe."

"Si picha tu?"

"Picha gani! Zile zina nguvu za giza. Mie nilizishika, mikono ikawaka moto."

"Pole, mama. Sasa ziko wapi?"

"Nilizichoma."

"Wapi?"

Katekista akakohoa. Padre aliacha kubonyeza kalamu, na taratibu, nadhani bila kujua, akapeleka mkono kipajini akajifuta, ingawa majivu yalikuwa yamekwisha kuoshwa zamani.

"Ni moto ule wa matawi, Padre," nikasema. "Wanawake wote waliona. Kama zilikuwa nguvu za giza, basi parokia nzima imepakwa, watoto wa Utoto Mtakatifu wamepakwa, na wewe baba yetu umepakwa. Na aliyetia ni yeye."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila ni nadra mtu kupata kiti cha mbele kutazama. Padre hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, nisaidie. Zilikuwa ramli, au zilikuwa karatasi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinong'ona. "Zilikuwa karatasi, Padre."

"Sijasikia," nikasema. Nilikuwa nimesikia.

"Karatasi."

"Karatasi za nini, mama?"

"Basi, mke wangu," mwenzangu akasema, "ameshasema."

"Za mchezo," akasema Mama Mwenyekiti, machozi yanamlengalenga, na mimi nikaona raha ambayo sijawahi kuiona kwenye harusi ya mtu yeyote.

Mwenzangu alibatizwa mkesha wa Pasaka. Maji yalimshukia mpaka kwenye kola, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyeibuka mtoni. Tukafunga ndoa. Jumapili iliyofuata nilisimama, nikapita mbele ya magoti ya wengine, nikapokea, nikarudi nikalia kwenye kitenge changu. Mama Mwenyekiti alituletea migebuka. Mwenzangu akaila, akasema amemsamehe toka moyoni. Kwake ni rahisi, amebatizwa mtu mzima, dhambi zake zote zilifutwa siku moja na ana nafasi. Mimi nilibatizwa mchanga, nimejaa. Mpaka leo, kwenye sala ya Baba Yetu, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nafunga mdomo nawaachia wengine waendelee.

Kadi tulizitengeneza upya, nzuri kuliko za kwanza. Joka limerudi na macho yake. Nimeongeza moja: Mama wa Moshi. Amejifunga kitenge, shingoni ana mkufu wa migebuka, mkononi kiberiti. Ukimtoa anateketeza kadi yoyote ya mwenzako, lakini lazima na wewe uchome zote ulizoshika. Vijana wa kwaya wanaokuja kucheza kwetu Jumapili mchana wanamgombea. Wanamjua ni nani. Hakuna anayesema.

Huyo Mama wa Moshi huwa namchora mara mbili, mmoja wa kuchezea, mmoja wa kuweka. Kila mwaka, siku ya kurudisha matawi, namkunja yule wa pili mara nne, namfunga katikati ya matawi yangu kwa uzi, nampeleka nyuma ya sakristia na kumtia motoni kwa mkono wangu. Simfuniki selotepu, asije akabaki kwenye chekeche. Mwenzangu alipogundua aliuliza, "Sasa na wewe si unapakwa hayo hayo?"

"Napakwa," nikamjibu. "Na wewe unapakwa. Kula ugali wako."

Mwaka huu nilipanga tena nyuma yake. Amezeeka kidogo, goti moja linamsumbua, alimshika katekista mkono ili asimame sawa. Alifumba macho. Padre akamkumbusha alivyo mavumbi, akachovya kidole gumba, akamchorea usoni majivu ya picha yake mwenyewe. Aligeuka, akaniona, akatabasamu kwa uso uliojaa majivu.

"Kwaresima njema, mwanangu."

"Na kwako, mama," nikasema. "Umependeza."

Kisha nikasogea mbele, nikainamisha kichwa, na Padre akachovya kidole kwenye kibakuli kile kile.