Skrini Iliyouliza "Una Hakika?"

Fundi wa mitambo wa kiwanda cha rangi alikuwa na donge rohoni, na donge lenyewe lilikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Yeye, dada mtu, ndiye aliyepanga vitufe vyote vya kuchagulia rangi kwenye skrini ya mashine ya kuchanganyia. Mdogo mtu kazi yake kubonyeza tu, lakini sifa zote za meneja zilimwendea huyo mdogo. "Huyu binti ana kasi kama umeme!" Kasi! Kwa vitufe vya nani?

Asubuhi moja kijicho kikamzidi. Akapanga kwamba kila rangi ikichaguliwa, skrini iulize kwanza: "Una hakika?" Tuone hiyo kasi itakwenda wapi.

Haukupita muda, mdogo mtu akabonyeza nyekundu kimakosa, na chini ya bomba kuna pipa zima la rangi nyeupe. Skrini ikamuuliza. Akashtuka, akafuta, akapiga yowe: "Mungu wangu, ningeliharibu!"

Meneja akaja mbio, akaangalia pipa, akakuta rangi bado nyeupe, kisha akamgeukia fundi aliyesimama kando.

"Umemwona mdogo wako alivyo makini? Hebu jifunze kwake."

Fundi akaitazama ile skrini. Angesema nini? Kwamba lile swali lilikuwa roho yake mbaya?