Kabla ya Amina

Mwalimu Mbula hakuomba kazi ya kushauri wasichana, alitwikwa. Wakubwa wa elimu walitaka kila shule iwe na mwalimu wa ushauri. Mwalimu mkuu wetu akatazama huku na huku, akamwona mama mpole wa sayansi kimu, kiongozi wa akina mama kanisani. Akapelekwa semina Machakos, akarudi na cheti, akapewa stoo ya mipira iwe ofisi. Vipindi vyake vya kufundisha havikupunguzwa hata kimoja. Mimi nilifundisha hesabu ng'ambo ya ukuta wa stoo hiyo, hapo nje kidogo ya Matiliku, na bado nakasirika nikikumbuka.

Kila msichana aliyelia bwenini, aliyefiwa, aliyeposwa akiwa bado darasani, alitumwa kwa Mbula. Naye alikuwa na utaratibu wake: anasikiliza kidogo, anashauri, anasema tufunge macho, anaomba. Ikifika amina, msichana anasimama anaenda zake. Wasichana ni wajanja. Asiyetaka kusema kitu alijikalia kimya tu, akijua amina iko njiani.

Kavata alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alikuwa kidato cha nne, mwerevu, kifungua mimba wa mjane mmoja wa Kalamba. Tangu baba yake afe alirudisha karatasi za mtihani tupu: jina juu, chini hakuna kitu. Mwalimu mkuu akakata shauri. Akirudisha tupu tena kwenye majaribio ya muhula ule, anafukuzwa. Mbula alimwita tena na tena. Kimya, ushauri, amina.

Ulikuwa mwaka wa njaa, themanini na nne. Mto ulibaki mchanga, na walimu nao walipanga foleni alfajiri kwenye visima vilivyochimbwa humo. Siku moja Mbula alitoka kisimani, akafundisha mpaka alasiri, kisha akaketi mbele ya Kavata bila neno. Hakushauri. Hakusema tufunge macho. Kavata akangoja, akakohoa, akatazama mlango. Bila amina hakujua namna ya kuondoka.

"Mwalimu, hatujaomba," akasema mwishowe.

"Leo nimechoka, Kavata. Omba wewe."

Yaliyofuata Mbula alinisimulia miaka mingi baadaye, Kavata mwenyewe akiwa ameketi nasi. Msichana alianza na maneno ya kanisani tuliyoyazoea sote, kushukuru kwa siku na kwa afya. Kisha sauti ikabadilika.

"Mungu, mama anasema nikimaliza shule mimi ndio nitakuwa baba wa hiyo boma. Hata wadogo wangu wananingoja. Mimi sitaki kumaliza. Naogopa. Wacha nifeli nirudie darasa, nikae mtoto mwaka mmoja tu."

Akangoja kuitikiwa. Amina ilimjia Mbula mdomoni kwa mazoea, akaimeza.

"Endelea," akamwambia. "Bado hatujamaliza."

Walikaa mpaka kengele ya chakula. Jumamosi Mbula, na miguu yake iliyovimba kwa foleni za kisimani, alienda Kalamba, na kwa ruhusa ya binti akamweleza mama jinsi neno hilo "baba" lilivyomlemea mtoto. Mama alishangaa sana, maana kwake ilikuwa sifa. Walikubaliana kaka yake huyo mama, mjomba Ndolo, aangalie mambo ya boma mpaka Kavata ajue mwenyewe anaelekea wapi. Kavata akaandika majaribio, akaandika na mtihani wenyewe.

Siku ya mwisho alikuja stooni, akafunga mlango, akaketi mahali pake pa siku zote. Mbula, macho yakiwa mazito, akamwuliza shida ni nini.

"Hakuna shida," akasema. "Leo omba wewe, Mwalimu. Mimi nitasikiliza."

Mbula akafunga macho. Alisema, "Mungu, nimechoka," akashindwa kuongeza neno. Machozi yakamtoka. Msichana alimngoja, wala hakusema amina.