Anakataa

Neno lililompandisha Marivic mori lilikuwa moja tu: anakataa. Liliandikwa mara tatu katika faili la mzee Orest Hrynchuk. Lingeandikwa mara ya nne, mazoezi yake ya kutembea yangefutwa, na bila mazoezi mzee asingerudi nyumbani kwake Selkirk. Angefia kitandani pale pale.

Marivic Dumalagan alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ile ya kutunzia wazee mjini Winnipeg, Kanada. Alijua kwamba saa tatu asubuhi nesi Gwen humpa Orest kidonge cha kulegeza misuli, na saa nne mzee huwa hajitambui kwa usingizi. Saa nne hiyo hiyo, kila Alhamisi, Brett wa mazoezi huja, humwita mara mbili, huona kimya, huandika, huyoo anakwenda zake. Gwen kafanya kazi yake, Brett kafanya yake. Wote mikono safi, mzee ndiye anayeoza.

Alishamwambia Gwen. "Mwambie Brett," akajibiwa. Akamwambia Brett. "Dawa si zangu, mama." Kikao cha Jumatano kilikuwa cha wakubwa, waogeshaji hawaalikwi, ati nani atabaki na wazee.

Jumatano hiyo aliingia bila hodi, karai mkononi, maji yakimwagika kwenye zulia.

"Marivic, tuko kikaoni," Gwen alisema.

"Naona. Brett, huyo mzee alipokataa, alikuwa macho?"

Brett alitazama faili. "Hakujibu."

"Asiyejibu amekataa? Basi maiti wote ni wakaidi."

Daktari aliyeongoza kikao alicheka, akajiona yuko peke yake.

"Kidonge saa tatu, mazoezi saa nne. Mnakaa meza moja kila wiki na hamjawahi kuulizana saa?"

Daktari akavuta faili, akahamisha kidonge hadi baada ya chakula cha mchana.

Kesho yake Brett alimkuta Orest ameketi, viatu miguuni, Marivic kando yake. Mzee alikwenda hatua kumi na moja, akaegemea fremu yake ya kutembelea, akahema.

"Kijana, wiki tatu zote ulikuwa wapi?" aliuliza. "Nilidhani mmenikatia tamaa."

Brett alifungua faili. Marivic alikuwa na la kusema, tena tele, lakini alilimeza, akamsogezea kalamu.

"Andika hilo," alisema.