Gego Lililochagua Siku ya Kuvuna

Mnanitaka niandike kwa nini divai nyekundu ya mwaka ule ilitoka vile, kana kwamba wataalamu wamekwisha duniani. Wanavyo vitabu, tena vyenye picha. Lakini hapana, asumbuliwe mwanamke anayeandika mstari mmoja huku chungu kinaungua. Haya, someni basi, na asinisahihishe mtu.

Mama Kokwa alifanya kazi kwenye shamba la mizabibu la kilimani, na jina hilo alilipata kazini. Kila msimu zabibu zilipoanza kuwa nyeusi alipita mistarini asubuhi, akachuma moja huku na moja kule, akanyonya maji, akatema ganda, akaitafuna kokwa. Kokwa mbichi ni ya kijani, inang'ang'ania jino na uchungu wake unakaba ulimi. Iliyoiva ni ya kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa. Siku kokwa ilipovunjika hivyo alisema kateni, na watu wakakata. Kwa miaka thelathini na mmoja mwenye shamba hakutoa makasi ghalani kabla ya neno lake. Divai yenyewe hakuwahi kuinywa hata tone. Alisema inanuka soksi.

Mwaka huo mabalaa mawili yalifika pamoja. La kwanza ni mtaalamu, msomi mpaka visigino, mwenye viatu visivyojua udongo na kibomba cha kioo. Alidondoshea maji ya zabibu juu ya kile kibomba, akakielekeza juani, akachungulia kwa jicho moja, akakuambia sukari iliyomo. La pili lilikuwa gego la Mama Kokwa. Mengine yalishamuaga moja moja, likabaki hilo tu lenye mwenzake wa kugongana naye, na sasa limeoza. Shavu lilivimba kama andazi lililosahaulika kwenye mafuta.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alimwomba kila siku aende kwa daktari wa meno.

"Nikiling'oa leo nitatafunia nini, magoti?" alimjibu.

Na hakuwa anatania. Alijua kwamba wakikata mwaka mmoja tu kwa kusikiliza kibomba, mwaka utakaofuata hakuna atakayemsubiri. Atawekwa bandani kufuta makreti, aitwe bibi, apewe kiti chenye mto.

Mtaalamu akatangaza kwamba sukari imetosha, watu wakate Jumatatu. Mama Kokwa akatafuna kwa upande uleule unaouma, machozi yakamtoka, akasema bado. Mtaalamu akamweleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha kuku kuogelea, kwamba watu wanakunywa maji ya zabibu, hawanywi kokwa.

"Mwanangu, hata mifupa huli," akamwambia, "lakini mchuzi ulioupigia miluzi jana ulitoka humo."

Mwenye shamba, mtu anayeogopa kila mtu kwa usawa, akaligawa shamba. Mtaalamu akate bondeni Jumatatu. Mistari ya juu imsubiri mama. Bondeni wakakata kwa nyimbo na vicheko, na mtaalamu akapigwa picha akikumbatia kreti.

Huku juu zilipita siku tisa. Mama Kokwa alikula uji tu. Mkwewe alimfichia viatu ili asitoke, akatoka peku. Wifi yake alikuja kumpa pole, maana yake alikuja kuangalia shavu limefikia wapi, akaondoka ameridhika. Wakataji wakasema bibi anatega sikio kwenye kokwa asikilize taarifa ya habari. Siku ya nane mawingu yakajikusanya nyuma ya kilima, na mwenye shamba akawa anatembea mikono mgongoni, anahema. Mvua ikizikuta, zabibu zitavimba maji na kupasuka, na maneno yote ya Mama Kokwa yatapasuka nazo.

Asubuhi ya tisa alitafuna. Maumivu yalipanda mpaka utosini, lakini kokwa ilivunjika kavu, safi, bila kukaba. Akachuma ya mstari mwingine, nayo hivyohivyo.

"Kateni," akasema, akakaa chini.

Kreti la mwisho liliingia ghalani pamoja na matone ya kwanza. Yeye akaenda kwa daktari kwa miguu yake, akafungua mdomo, akaonyesha kwa kidole.

Miezi minane baadaye walikuja wageni wa kuonja. Mtaalamu akawafungulia pipa la mistari ya juu, akawasomesha. Maua yalikutana na upepo mkali, zabibu zikashika chache. Miezi ya mwisho ilikuwa mikavu, mchana joto, usiku baridi, zikatoka punje ndogo zenye ganda nene, na rangi yote hukaa gandani. Kila neno lilikuwa kweli. Hakusahau chochote isipokuwa mtu mmoja. Wageni wakazamisha pua kwenye glasi kama wanaotafuta kipini kilichodondoka, wakasema mwaka kama huu hawajauona.

Mama Kokwa alikuwa ameitwa kuleta glasi safi. Akaweka sinia chini.

"Jua lilikuwa la wote, na baridi haikubagua," akasema. "Mbona ya bondeni hujawafungulia wageni?"

Mgeni mmoja akasema angependa kuionja. Ikafunguliwa. Akainywa, uso ukamkunjamana kama aliyeramba kufuli. Mwenye shamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuogopa, akamuuliza mtaalamu mbele ya watu nani alichagua siku ya kukata juu. Mtaalamu akakitazama kibomba. Kibomba hakikumsaidia.

"Ni mama," akasema.

Basi ikaamriwa kwamba makasi hayatoki ghalani bila neno la mama. Kwamba hana tena jino la kutafunia, yeye haoni shida iko wapi. Mtaalamu anayo thelathini na mawili, yamekaa bure. Kila asubuhi anasimama mbele yake, anamwamkia kwanza, anatafuna, anatema kwenye jani, na mama anaitazama rangi ya kokwa na kumuuliza imevunjikaje, imekukaba wapi. Anajifunza, anasema Mama Kokwa, ila pole pole, shule ilimchelewesha.

Nimemaliza. Wewe uliyenikaba siku nne nikuandikie haya, mapazia yangu yamelowa kwenye beseni tangu jana. Njoo uyafue, na uje na sabuni yako.